Tupeane uzoefu: siku mwili wako ulipoamini kilichomo ndani ya miwani ya VR

Nyuzi Saba
Wakuu, kila siku tunabishana kuhusu pikseli, herzi na betri. Leo naomba tuzungumzie ile dakika mwili unapogoma kuisikiliza akili ukiwa ndani ya miwani ya VR, ile inayokujazia macho dunia ya kompyuta. Unajua fika kwamba umesimama sebuleni na plastiki usoni, lakini magoti hayataki. Nimekumbushwa na mdogo wangu: kapanda lifti ya Richie's Plank Experience, ile gemu ya kutembea juu ya ubao ghorofani, mlango ukafunguka, ubao umechomoza angani, magari chini yanaonekana kama punje za mtama. Kijana huyu haogopi kitu. Alipiga magoti, akatambaa hadi ukutani huku ameling'ang'ania zulia kwa kucha. Hakuna aliyemcheka, maana wote tuliokuwepo tumeshaupitia ubao ule.

Wewe ilikuwa gemu gani, na mwili ulifanya nini?

Kipanga
Weka na ubao wa kweli sakafuni, gemu yenyewe inakuruhusu uupime vilingane. Ukianza kuuhisi ukingo kwa unyayo, kwisha habari.

Jicho la Tatu
Kwangu ni Half-Life: Alyx, ile sehemu ya Jeff. Walioicheza wameshajua nasema nini. Lile jitu halioni, linasikia tu, na hewani kuna vumbi la ukungu linalokukohoza, kwa hiyo inabidi ulete mkono mdomoni. Nimejibana pembeni ya rafu, chupa zimepangwa ukingoni, mkono wa kushoto umeziba mdomo, wa kulia unavuta mlango polepole. Mkono ukagusa chupa. Nikaiona inainama, inainama, ikaondoka. Niliuacha mdomo nikaidaka kabla haijafika chini, na lile jitu likageuza kichwa upande wangu.

Kifua kilianza kuuma ndipo nikatambua kwamba muda wote ule nilikuwa nimebana pumzi. Pumzi za kweli! Gemu haina habari na mapafu yako, inafuata mikono na kichwa tu. Lakini mapafu yangu hayakuambiwa hivyo.

Ndiyo maana nasema ambaye hajaicheza ile, kwa kompyuta yenye kadi ya grafiki ya maana, VR bado hajaionja.

Bila Waya
Ulikuwa unakwenda vizuri mkuu, ukaharibu mwishoni. Watu wengi tumeingia huku kwa Quest 2 ya mwaka 2020, ambayo unavaa tu unacheza bila kompyuta wala kebo. Sasa unatuambia hatujaonja? Ukiwa na kebo mgongoni nusu ya akili iko kwenye kebo. Unageuka kulia, unakumbuka ujizungushe kushoto usijifunge miguu. Mwili utaaminije hapo?

Jicho la Tatu
Kebo unaining'iniza darini na unaisahau. Picha ya kifaa kinachotumia chipu ya aina ya simu huwezi kuilinganisha na ya kompyuta. Ukuta ukiusogelea unaona rangi iliyopakwa tu, hauna chembe.

Bila Waya
Mtu akiwa juu ya ubao anakagua chembe za ukuta?

Kipanga
Hapo kakupata.

Mzee Kontrola
Vijana, picha si kila kitu. Nilivaa DK1, miwani ya VR ya majaribio ya Oculus, ile ya 2013, pikseli 640 kwa 800 kila jicho, unaona vyandarua mbele ya kila kitu, na haikujua hata ukiinama. Ikanipeleka kwenye roller coaster ya programu ya majaribio, na kwenye mteremko wa kwanza nikashika kiti kwa mikono miwili. Kabla ya hapo niliwahi kuchungulia Virtual Boy ya Nintendo ya 1995, nyekundu juu ya nyeusi, imesimama mezani kwa miguu yake. Ile haikuniamsha hata unywele, kwa sababu ukigeuza kichwa dunia haigeuki nawe. Siri iko hapo: dunia ifuate kichwa, na ifuate upesi.

Tumbo Jepesi
Shikamoo Mzee Kontrola. Umegusa penye kidonda. Mimi mwili wangu huamini kupita kiasi. Gemu yoyote ya kutembea kwa kusukuma kijiti cha kontrola, hatua chache tu jasho linaanza nyuma ya masikio, mate yanajaa mdomoni, na hapo ndo basi. Kuna moja ya magari, sitaitaja, ilinilaza kitandani mpaka usiku, chumba kinazunguka hata nikifumba macho. Beat Saber, ile ya kukata vibweta kwa mapanga kufuata muziki, nacheza hadi shati linaloa na sisikii chochote. Mnafanyaje?

Mzee Kontrola
Marahaba. Macho yanasema unakwenda, sikio la ndani linasema umesimama, ubongo unachanganyikiwa. Kwenye Beat Saber umesimama kweli na mikono inakwenda kweli, hakuna ugomvi. Washa kuhama kwa kuruka badala ya kijiti, kugeuka kuwe kwa vipande, na ule ukungu mweusi wa pembeni unapotembea usiuzime. Jasho la kwanza tu, vua.

Simba Jike
Usivue, komaa. Mimi nilikomaa na sasa naendesha ndege za kivita kichwa chini.

Mzee Kontrola
Binti, unampoteza mwenzio. Akilazimisha, kesho atachafuka tumbo kwa kuiona tu miwani.

Simba Jike
Nasema lililonitokea mimi, mzee wangu. Kila mwili na wake.

Kipanga
Tangawizi. Na feni.

Mama Pacha
Nimesoma huku najiuliza niandike au ninyamaze. Acha niandike.

Mume wangu alikuwa anacheza gemu ya ndondi. Alisogeza meza, akachora uzio, ule mpaka wa eneo la kuchezea unaoonekana ndani ya miwani, alipanga kila kitu inavyotakiwa. Watoto wamelala, mimi niko chumba cha pili nakunja nguo. Mmoja wa pacha akaamka, akasikia sauti ya baba yake, akamfuata. Ule uzio unakuonya ukikaribia kutoka. Mtoto anayeingia kwa nyuma, kwa kifaa chetu kile, hauna habari naye.

Natokea mlangoni na kanga mkononi, namwona mtoto ameshafika miguuni kwa baba yake, kainua mikono abebwe. Nikapiga kelele. Mwenzangu masikioni ana uwanja mzima unamshangilia. Akavuta mkono wa kulia nyuma apige, kontrola, kile kishikio cha mkononi, ikamkuta mtoto juu ya jicho. Ile sauti ya plastiki kwenye mfupa bado naisikia. Na baba yake akaendelea! Alidhani amegusa kochi. Akapandisha mikono kujikinga uso, akarudi hatua moja nyuma, na nyuma yuko mtoto kaanguka chali. Nilimrukia nikamng'oa ile miwani kichwani, akabaki ananitazama, haelewi kwa nini nimelowa damu.

Jamani, kaamka tena mmoja, narudi.

Bila Waya
Dada usituache hapo. Jicho lilipona?

Nyuzi Saba
Mama Pacha tunakusubiri. Kuhusu jicho tu, tuambie.

Jicho la Tatu
Nimesimama huku nasoma. Mimi na Bila Waya tumefunga ubishi.

Fundi Lenzi
Wakati tunamsubiri, na nyie tafadhali msiache miwani dirishani. Nimeona skrini yenye mstari mwembamba wa rangi ya kahawia, umejikunja, hautoki. Ni jua: lenzi zinakusanya miale kwenye skrini, na jua likisogea linachora.

Simba Jike
Huo uzushi. Yangu inakaa dirishani kila siku na ni nzima.

Fundi Lenzi
Bahati yako ni kwamba lenzi zimeangalia ndani. Igeuze uone.

Kipanga
Usiigeuze!

Mama Pacha
Nimerudi. Jicho ni zima, Mungu mkubwa. Nyusi ilipasuka, akashonwa, kovu lipo na nywele hazioti pale. Daktari alisema ingeshuka kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Mtoto alisahau mapema kuliko sisi. Baba yake aliifungia kabatini muda mrefu, akawa ukimtajia anatoka nje. Sijaandika ili mumlaumu, alikuwa kwenye ulingo kweli, mwili wake uliamini, kama mnavyosema hapa. Siku hizi anacheza tena, ila mlango una komeo juu na mimi ndiye ninayelifunga.

Nyuzi Saba
Pole sana dada, na asante kwa kutuandikia. Kuanzia leo nami nafunga mlango.

Bila Waya
Pole dada. Baadhi ya vifaa vipya kamera zake zinaweza kukuonyesha umbo la mtu au mnyama aliyeingia ndani ya uzio. Nendeni kwenye mipangilio mkaiwashe sasa hivi, msingoje.

Jicho la Tatu
Na sikio moja libaki wazi. Spika za pembeni zinatosha, zile za kuziba masikio tuwaachie wanaoishi peke yao.

Simba Jike
Mkeka mdogo katikati ya chumba. Unyayo ukitoka kwenye mkeka unajua umesogea, hata macho yakiwa vitani.

Kipanga
Au muuze mcheze karata.

Fundi Lenzi
Karata nazo watu wanapigana.

Kobe Mpya
Samahani kwa kuingilia. Mimi ndiyo naanza, navaa miwani ya macho, na kila nikiangalia naona maandishi mawilimawili, kichwa kinauma. Nirudishe kifaa?

Mzee Kontrola
Usirudishe bado. Pima umbali kati ya mboni zako kwa milimita, simama mbele ya kioo na rula. Kama ni Quest 2 ina vituo vitatu tu: 58, 63 na 68. Shika lenzi zenyewe uzisogeze hadi kituo cha karibu. Halafu weka kile kipande cha kuongeza nafasi ya miwani kati ya sponji na kifaa, vinginevyo vioo vyako vitakwaruza lenzi.

Jicho la Tatu
Au agiza lenzi za kupachika zenye nguvu ya macho yako. Ghali kidogo, ila unasahau kabisa.

Tumbo Jepesi
Kabla hatujahama, feni naiweka mbele au nyuma?

Kipanga
Mbele, ikupige usoni. Ukigeuka upepo unahamia shavuni, na mwili unajua chumba kiko wapi.

Simba Jike
Na iwe nje ya uzio, usije ukaipiga ngumi.