Nimealikwa kuvua juu ya barafu Jumamosi. Barafu ya Novemba inabeba mtu kweli?

MtotoWaNansio
Habari zenu wakuu. Mimi ni mtu wa Ukerewe, tangu darasa la tano nilikuwa natoka na baba mdogo usiku kuvua dagaa kwa karabai. Maji siyaogopi, kuogelea najua. Sasa niko Minnesota, mwaka wa pili huu, napiga zamu ya usiku ghalani. Mzee mmoja wa zamu yetu, mzaliwa wa huku, anataka Jumamosi twende ziwani tukavue walleye, samaki wa maziwa ya huku. Ziwa lenyewe limeganda Jumatatu iliyopita! Anasema samaki wanakula sana siku hizi za mwanzo, ukisubiri Januari wanakuwa wavivu kula.

Jana nikitoka kazini nilipita pale. Nikarusha jiwe, likadunda likaenda likilia kama ndege, mlio sijawahi kuusikia. Jamaa wawili walikuwa wameshaingia mita kama hamsini, wamekaa juu ya ndoo, wametulia kabisa. Mke wangu kasema nikienda nibebe na begi la nguo, nisirudi kwake. Niende au nisiende?

Kamau_BrooklynPark
Wee! Samaki si wako supamaketi, tena washaparwa magamba? Msikize bibi yako.

BabuWaPangani
Mwanangu, hilo la kuogelea lifute kwanza. Mimi nimekulia mdomoni mwa mto Pangani, niliogelea kabla sijavaa viatu. Mwaka 2009, wiki ya kwanza ya Desemba, nilizama futi 30 tu kutoka ufukweni. Nilikuwa nimetoboa tundu moja pale mwanzo, nikapata inchi 5, nikaona kazi imekwisha. Kumbe naelekea mahali kijito kinapoingia ziwani, na maji yanayotembea hayagandi sawa na yaliyotulia. Hakukuwa na mlio wa kunionya. Hatua moja niko juu, ya pili nimo ndani hadi kidevuni, na kifua kikavuta pumzi chenyewe bila kuniuliza. Kichwa kingekuwa chini ya maji wakati ule, ningevuta maji.

Kilichoniokoa ni vijiti viwili vya mbao vyenye ncha za msumari, vimeunganishwa kwa kamba, vinaning'inia shingoni. Vya bei rahisi, duka lolote la uvuvi huku wanavyo. Nikageukia nilikotoka, maana barafu ya upande ule ilikuwa imeshanibeba. Nikachoma misumari, nikapiga miguu nyuma mpaka tumbo likapanda. Sikusimama. Nilibiringika kama gogo hadi ukingoni, kwa sababu ukisimama pale pale uzito wote unarudi kwenye nyayo mbili na unazama tena. Kofia yangu nadhani bado iko huko.

Sasa swali lako. Idara ya maliasili ya jimbo inasema inchi 4 kwa mtu wa miguu, na wanamaanisha barafu mpya iliyo angavu, ile unayoona weusi wa maji chini yake. Ile nyeupe iliyochanganyika na theluji nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo dai unene mara mbili. Theluji ikianguka juu ya barafu changa ndiyo mbaya zaidi: inaifunika kama blanketi, baridi haishuki, barafu haiongezeki, na wewe huoni nyufa.

Nunua mtaimbo. Unatembea unapiga mbele yako, na ukipiga mara moja ukatokeza maji, rudi kwa nyayo zako zilezile. Tundu la kupimia, idara inasema kila futi 150. Mimi mwanzo wa msimu napima kila hatua 20, acha wanicheke. Hao jamaa wa ndoo usiwafuate. Hujui wana kilo ngapi, wala hujui kama nao walipima.

Halafu uliza ni ziwa gani. Likiwa kubwa, unene peke yake hautoshi, angalia na upepo. Upper Red Lake, mwishoni mwa Desemba 2023, pande la barafu lilimeguka likaelea na watu, wakaokolewa 122. Mwaka mmoja kabla, Novemba 2022, palepale, walikwama kama 200. Barafu iliwabeba vizuri tu, ila iliondoka nao.

DadaMuuguzi
Naongezea kwa Babu. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, ambaye hujitosa mwenyewe kwenye maji ya baridi kwa ajili ya utafiti, anafundisha 1-10-1. Dakika 1 ya kutuliza pumzi, usihangaike. Dakika 10 hivi ambazo mikono na miguu bado inakutii, hizo ndizo za kutokea. Na kama saa 1 kabla baridi haijakuzimisha fahamu. Watu wanadhani wamekwisha papo hapo, wanapoteza zile kumi kwa kupiga kelele. Nguo usivue ukiwa majini, zina hewa ndani. Ukitoka ndipo uvue zote zilizolowa. Na Kamau, kabla hujashauri: pombe haipashi mwili joto.

Kamau_BrooklynPark
Sijasema kitu, dada 😂

MtotoWaNansio
Narudi na mrejesho, wakuu. Tulikwenda, na begi la nguo sikubeba. Nilivaa jaketi la kuokolea juu ya koti, misumari shingoni, mtaimbo mkononi. Mzee wa zamu alinitazama kama nakwenda vitani. Tundu la kwanza inchi 4 na nusu. Hatua 20 mbele, 4. Hatua 20 nyingine, karibu na matete, mtaimbo ukapita kwa pigo la kwanza na maji yakapanda hadi kwenye viatu. Sikusema neno, niligeuka tu. Kuangalia nyuma, mzee ameshatangulia kurudi. Tulikaa kwenye gari tukamaliza chapati za mke wangu, na mzee sasa anauliza zinapikwaje. Tumekubaliana katikati ya Desemba, baridi ikikaza.

BabuWaPangani
Mkienda mnipitie. Mtaimbo ninao wangu.