Vitamini za maji kwenye lishe ya mshipa ya mtoto: sirinji ya mafuta, mfuko wa glukosi, au mfuko mmoja wa vyote?

famasia_watoto
Wakuu, tulinganishe njia tatu za kumpa mtoto Soluvit N (unga wa vitamini zinazoyeyuka kwenye maji): (1) kwenye sirinji ya mafuta, (2) kwenye mfuko wa glukosi na asidi amino, (3) mfuko mmoja wenye vyote. Tushike mfano mmoja: mtoto wa kilo 3, mafuta gramu 3 kwa kilo, dripu ya saa 24, wodi yenye taa za kutibu manjano.

mizani_ya_dawa
Anzeni na dozi. Kichupa kikiyeyushwa kwa mililita 10, kila mililita ina vitamini C miligramu 10, B1 0.25 na B2 0.36. Mtoto wa chini ya kilo 10 hupewa mililita 1 kwa kilo. Kwa asiyetimiza mwaka, mwongozo wa 2018 wa ESPGHAN (chama cha Ulaya cha tumbo, ini na lishe ya watoto) unataka kwa kilo kwa siku C miligramu 15–25, B1 0.35–0.5, B2 0.15–0.2. Yaani B2 ina akiba, lakini C na B1 zinaanza safari zikiwa pungufu tayari. Njia bora kwangu ni ile inayookoa C.

dripu_polepole
Basi ni ya 1. Adui mkubwa wa C ni oksijeni, na shaba huichochea. Ukiweka Soluvit kwenye mfuko wa glukosi wenye Peditrace (madini ya kiasi kidogo, shaba ikiwemo), C inakaa na shaba siku nzima. Madini yabaki kwenye maji, vitamini ziende kwenye mafuta. Weupe wa mafuta pia huizuilia B2 mwanga. B2 ikipigwa na mwanga haipotei tu, huzalisha peroksidi, na hizo zinaharibu vingine.

Hesabu ya mfano wako: mafuta yote gramu 9. Vitalipid N Infant (vitamini za mafuta ndani ya mafuta ya 10%) mililita 10 ina gramu 1. Yeyusha Soluvit kwa mililita 10 za mafuta ya 20%, vuta mililita 3 (gramu 0.6). Zimebaki gramu 7.4, sawa na mililita 37 za mafuta ya 20%. Jumla mililita 50, kasi takriban 2.1 kwa saa.

mizani_ya_dawa
Hapo kuna mtego kwa njiti. Wengine huyeyusha Soluvit ndani ya Vitalipid ileile. Mtoto wa kilo 1.5 anahitaji Vitalipid mililita 6 (4 kwa kilo) lakini Soluvit 1.5 tu. Ukivuta 6 za mchanganyiko huo, umempa Soluvit mara nne. Kila kimoja kipimwe peke yake.

mfuko_mmoja
Natetea ya 3 kwa watoto wakubwa kidogo: viungio vichache, chujio moja la mikroni 1.2. Lakini aina ya mfuko ndiyo inayoamua. Plastiki ya EVA ya kawaida hupitisha oksijeni, ya tabaka nyingi huizuia sana. Toeni hewa yote baada ya kujaza. Mililita 10 za hewa zina takriban 2 za oksijeni, na molekuli kwa molekuli hizo zinatosha kumaliza karibu miligramu 15 za C. Kwa mtoto anayepewa miligramu 30, hiyo ni nusu! Mfuko ukae frijini bila vitamini, nyuzi 2–8, vitamini ziingie muda mfupi kabla ya kutundikwa.

zamu_ya_usiku
Ya 2 msiitupe. Mafuta yakisimamishwa kwa sababu trigliseridi (mafuta ya damuni) zimepanda, vitamini za njia ya 1 zinasimama nazo huku glukosi ikiendelea. Hiyo ni hatari kweli, maana mwili huhitaji B1 kuchoma glukosi: mwaka 1997 Marekani, uhaba wa vitamini za mshipa uliwaacha wagonjwa bila B1 asidi ya laktiki ikawajaa damuni. Siku hiyohiyo yeyusha Soluvit kwa maji ya sindano, hamishia kwenye glukosi, funika. Someni pia lebo ya asidi amino: kihifadhi kiitwacho metabisulfiti ya sodiamu huvunja B1.

famasia_watoto
Kufunika ni mfuko peke yake?

dripu_polepole
Hapana, mrija pia. Mrija wa mililita 2 kwa kasi ya 2.1 unabakiza dawa karibu saa nzima chini ya taa, na mwanga wa bluu wa taa za manjano ndio hasa B2 inaoufyonza. Tangu 2019 mamlaka ya dawa ya Ulaya inataka lishe ya mshipa yenye asidi amino au mafuta ikingwe na mwanga kwa walio chini ya miaka 2, hadi dripu iishe. Tumieni sirinji ya kahawia na mrija wa rangi. Foili inafaa kwa mfuko, ila acheni upenyo unaofunikika wa kusomea kiwango.