Nondo wenye macho mbawani: niamini alama ipi?

Mwana wa Katuba (Lubumbashi)
Wapendwa, tangu mvua za kwanza ziliponyesha, taa ya baraza letu huvutia nondo wakubwa wa kahawia, wenye doa la rangi ya chungwa mfano wa jicho kwenye kila bawa la nyuma. Nimepiga picha nondo 11 nikidhani wote ni Bunaea alcinoe, lakini mdogo wangu anashikilia kwamba waliopauka ni Gonimbrasia. Naomba mnielekeze.

Papa Miombo
Ndugu, rangi iache kwanza, kwa maana nondo aliyeruka usiku kadhaa hupukutika magamba ya mabawa, akaonekana spishi nyingine kabisa. Tazama bawa la mbele: Bunaea ana kidirisha cheupe kinachopitisha mwanga, kisicho na duara, ilhali Gonimbrasia belina ana jicho dogo lenye duara hata huko mbele. Wala usichanganye jinsia na spishi. Vipapasio vya dume ni vipana kama unyoya, vya jike ni vyembamba.

Mama Vinkubala
Mimi ninauza vinkubala, yaani viwavi wa kuliwa, sokoni, na kusema kweli nondo hatumjui. Tunamjua kiwavi na mti wake. Kiwavi wa Bunaea ni mweusi, ana miiba myeupe au ya manjano na madoa mekundu ubavuni, humkosei. Jike aliyekuja kwenye taa mtie katika mfuko wa karatasi. Akiwa amekwisha kupandwa atataga humo, kwani hali chochote na maisha yake ni ya siku chache. Viwavi wakikomaa wape ndoo ya udongo laini: hawa, ingawa huitwa nondo wa hariri, hawafumi kifuko bali hujichimbia ardhini.

Mwanafunzi wa Wadudu
Naongeza kwamba wako pia Lobobunaea na Pseudobunaea, nondo wengine wanaofanana na hao, hivyo piga picha upande wa chini wa mabawa na uweke rula kando. Wanaposhindwa kwa macho, wataalamu hulinganisha viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, au husoma kipande cha COI, jeni itumikayo kutambulisha spishi, chenye herufi 658 za DNA.

Mwana wa Katuba
Asanteni, Papa na Mama. Nimezirudia picha: 7 zina kidirisha kitupu, 3 zina jicho lenye duara, kwa hiyo mdogo wangu ameshinda kwa sehemu, ingawa mmoja wa hao 3 ndiye mwekundu kuliko wote. Wa 11 alikuwa amefunga mabawa. Huyo nitamngojea mvua ijayo.