Wauza spea za Land Rover 109 hapa Dar, "inaingia hiyo bosi" yenu imenichosha

Wakuu, leo naandika na hasira, mnivumilie.

Nina Land Rover Series III, 109 (ile ndefu, inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), ile ya jeshi ya volti 24. Nataka irudi kama ilivyotoka kiwandani, kwa hiyo wale wa "tia injini ya Hiace umalize" wapite kimyakimya. Gari ipo juu ya mawe gereji Tabata, kuku wa jirani wameshaanza kutaga siti ya nyuma. Na siyo kwamba spea hakuna. Zipo! Kinachoniua ni muuzaji anayeapa kitu kinaingia wakati hata hajauliza kinaingia kwenye nini.

Chukueni hili la hafu shafti, chuma kinachopeleka nguvu kutoka kwenye difu (gia za katikati ya ekseli) hadi kwenye gurudumu. Difu ya nyuma ya 109 zipo aina mbili. Ipo ya Rover, shafti yake ina meno 10 upande unaoingia kwenye difu. Halafu ipo Salisbury, ile nene yenye mfuniko wa bolti kwa nyuma, shafti meno 24. Yangu Salisbury. Kuzitofautisha hakuhitaji cheti cha VETA, unachungulia tu chini ya gari, ukiona mfuniko wa bolti umemaliza. Nikampa jamaa wa Ilala maelezo hayohayo na picha juu. "Inaingia hiyo bosi, sisi ndiyo kazi yetu." Laki na themanini, na tuma na ya kutolea. Boda kaleta, fundi kafungua gazeti, anahesabu meno kwa kucha. Kumi! Na grisi imepakwa nene kuficha kutu.

Namrudia, sura si ile tena. Ananyoosha kidole ukutani: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Halafu ananishauri nikamwone fundi wa kuchonga "aongeze meno". Shafti ya meno kumi unaiongezea mengine kumi na nne, unayapandikiza wapi jamani?

Na hicho kibao cha ukutani kisiwatishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo. Mimi nilisema Salisbury, tena kwa maandishi, meseji ninazo.

Umeme ndiyo balaa lenyewe. Gari hizi zilitengenezwa kubeba redio za mawasiliano, ndiyo maana ni volti 24 na mfumo mzima wa cheche umefunikwa chuma: distribyuta imefungiwa ndani ya kopo, nyaya za plagi zimevishwa wavu wa chuma, plagi zenyewe si za kawaida. Yote hayo ili kelele zisiingie redioni. Mweleze muuzaji wa Kariakoo, atakusikiliza mpaka mwisho, ataingia stoo, atatoka na koili (ile inayozalisha umeme wa cheche) ya volti 12. "Weka tu, itazoea." Itazoea! Koili imekuwa mtoto wa chekechea?

Beringi za krenki, ule mhimili mkuu unaozunguka ndani ya injini, hivyohivyo. Injini za lita 2.25 za kabla ya 1980 zina beringi kubwa tatu, za baadaye tano. Swali moja tu, "mkuu injini yako ya tatu au ya tano?", lingeokoa hela ya mtu. Haulizwi mtu.

Wauza chuma chakavu nao wana lao. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu tangu 1948, maana Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha shida, basi siku hizi inakatwakatwa na kuuzwa kwa kilo. Buguruni nimekuta mlango mzima wa 109, kitasa chake kipo, bawaba zake zipo, umekunjwa katikati ili uenee kwenye mzani. Nikaomba niununue, naambiwa umeshapimwa, una mwenyewe. Mtu anakunja mlango mzima huku mimi natafuta bawaba mji mzima!

Sasa wadau, mwenye hafu shafti ya Salisbury, upande wa kulia (ni fupi kuliko ya kushoto, msinichanganyie), apige picha upande wa meno, yahesabike, aweke hapahapa kwenye uzi. PM za "ipo mkuu, tanguliza advansi" sijibu. Na dukani siendi tena bila fundi wangu na shafti ya zamani mkononi.