Karl Friston na hesabu ya kunukuliwa: tumpime mtafiti kwa namba?

Mchokonozi: Wakuu, ubishi huu umeanzia kwenye kamati yetu ya kupandisha vyeo. Kuna anayetaka tutumie idadi ya kunukuliwa peke yake, yaani mara ngapi makala zako zimetajwa na watafiti wengine, na mfano wake ni Karl Friston wa University College London, mtafiti wa ubongo. Mwaka 2016 Semantic Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kisayansi mtandaoni, walimweka wa kwanza kwa ushawishi kwenye fani yake. Je, ndiyo kusema katuelewesha ubongo kuliko wenzake wote?

Kinyozi wa Hoja: Hapana. Sehemu kubwa ya namba zile inatokana na SPM, programu ya kuchambua picha za ubongo aliyoianzisha miaka ya 90 mwanzoni akaigawa bure. Kila anayeitumia anamtaja, hata asiyeafiki nadharia zake. Na kielezo cha h, kipimo cha kunukuliwa alichobuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, hakiulizi umetajwa kwa lipi: makala 50 zilizonukuliwa angalau mara 50 kila moja, h yako 50, kwisha. Mfua jembe hahesabiwi mavuno ya kijiji kizima. Jamaa kaandika programu tu.

binti_kodi: "Programu tu"? Picha ya ubongo inagawanywa vipande vidogo vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja kinapigiwa hesabu yake, ndipo upate ramani ya kuonyesha wenzako. Hilo ni wazo la kisayansi, kaka. Ninyi ndio mnaotuletea data saa nne usiku, safu hazina vichwa, kisha kazi ikitoka tunatupiwa mstari mmoja kwenye shukrani.

Kinyozi wa Hoja: Sijakutaja wewe dada, punguza jazba.

Mzee wa Takwimu: Hiyo SPM si ndiyo iliyofanya tafiti 40,000 zitupwe? Walimpima hadi samaki aliyekufa, ubongo ukawaka kwenye picha kama unafanya kazi.

binti_kodi: Mzee wangu, umechanganya mambo mawili. Ya samaki ni ya mtafiti Bennett na wenzake, 2009: walitaka kuonyesha kwamba ukipima vipande maelfu bila kurekebisha hesabu, lazima kimoja "kiwake". Hiyo ya tafiti 40,000 ni ya Eklund na wenzake, 2016, waliozijaribu programu hizi, na ilikamata SPM pamoja na programu nyingine mbili. Kwa baadhi ya mipangilio majibu ya uongo, yaani kuona ubongo umewaka wakati haukuwaka, yalifika asilimia 70. Hiyo 40,000 waandishi wenyewe waliisahihisha baadaye. Hakuna aliyetupa kitu.

Mzee wa Takwimu: Samaki aliwaka au hakuwaka?

Mhadhiri Mchovu: Tuache samaki. John O'Keefe, chuo hichohicho cha Friston, alitoa makala fupi mwaka 1971 kuhusu seli za ubongo wa panya zinazotambua mahali. Nobel kaipata 2014. Kwetu angeambiwa akaongeze machapisho ndipo aombe tena.

Kijana wa Masta: Shikamoo mwalimu. Samahani, ila hayo machapisho mnayoongeza mengine ni tasnifu zetu. Msimamizi wangu jina lake limetangulia langu, na madodoso nimeyabeba mimi kwenye daladala mpaka mfuko ukachanika.

Mhadhiri Mchovu: Marahaba. Kubeba madodoso si kuandika. Sura ya tatu aliinyoosha nani? Mnaleta vitu vimenakiliwa neno kwa neno, sisi tunakesha navyo, halafu mnakuja kulia huku.

Kijana wa Masta: Hatujuani, sura yangu ya tatu umeionea wapi?

Kinyozi wa Hoja: Hapo mwalimu kashikwa 😂

Mhadhiri Mchovu: Nazijua zote, zinafanana. Na wewe Kinyozi, una chapisho hata moja?

Mchokonozi: Basi wakuu, tuseme hivi: jina la kwanza liwe la nani, aliyekusanya data au aliyesimamia?

binti_kodi: Na aliyezichambua mnamweka wapi? Au narudi kwenye shukrani?