Kikundi cha Ukoo wa Mzee Rajabu: Mpango wa Fedha wa Salma

Shangazi Zubeda, Jumanne saa 1:40 asubuhi
Assalaam alaykum ndugu zangu. Kama mjuavyo, Salma amefaulu sehemu zote mbili za PLAB, mtihani wa madaktari waliosomea nje ya Uingereza, amesajiliwa na baraza la madaktari la Uingereza, na amepata kazi hospitalini kwa mshahara wa pauni 44,000 kwa mwaka. Ninapendekeza kabla ya Ijumaa tukubaliane kuhusu mchango wa kumsafirisha na kuhusu kiasi atakachotuma kuanzia mshahara wa kwanza, ili nyumba ya Chumbageni iezekwe kabla ya masika. Nimegawanya 44,000 kwa 12 nikapata zaidi ya pauni 3,600 kwa mwezi, na hata nusu yake inatosha.

Shangazi Zubeda, saa 4:05 asubuhi
Ninaona wengi mmekwisha kusoma. Kusoma na kunyamaza si kushiriki.

Kassim, saa 4:20 asubuhi
Hongera sana dada. Kabla sijataja mchango wangu, ninaomba nielezwe jambo moja: mtu anafanyaje PLAB 2 mjini Manchester kisha akarudi nyumbani bila jezi hata moja?

Rukia, saa 4:22 asubuhi
Mtihani ule ni kama pauni 1,000 peke yake. Jezi ungeilipia wewe?

Kassim, saa 4:23 asubuhi
Kwa namna timu ile inavyocheza, ningestahili kulipwa mimi kwa kuivaa.

Shangazi Zubeda, saa 4:31 asubuhi
Tafadhali turudi kwenye mada.

Salma, saa 8:10 mchana
Shikamooni wakubwa zangu. Mniwie radhi, nilikuwa wodini. Shangazi, hizo 44,000 ni kabla ya makato. Pauni 12,570 za kwanza hazitozwi kodi ya mapato, lakini zinazofuata hutozwa asilimia 20. Bima ya Taifa huchukua asilimia 8 ya hizohizo zinazofuata, na mfuko wa pensheni wa huduma ya afya ya taifa, yaani NHS, huchukua asilimia 9.8 kwa mshahara wa kiwango changu. Kitakachofika mkononi ni kama pauni 2,650 kwa mwezi, na humo ndimo mtakuwamo pango, umeme, nauli na ada ya kila mwaka ya usajili.

Shangazi Zubeda, saa 8:25 mchana
Basi jitoe kwenye hiyo pensheni. Wewe ni kijana, uzee uko mbali.

Baba Mdogo Hamza, saa 9:02 alasiri
Dada Zubeda, hapo ninakataa kama mhasibu na kama mjomba wa wanao. Mwajiri huchangia asilimia 23.7 juu ya mshahara, kwa hiyo anayejitoa anakataa sehemu ya ujira wake mwenyewe. Isitoshe, makato ya pensheni hutolewa kabla ya kodi ya mapato, na akijitoa, fedha hizo hazitamfikia zote. Akitimiza miaka 2 katika mfuko, haki yake inabaki hata akirudi Tanga. Akiondoka kabla ya hapo, anaweza kuomba arudishiwe michango yake baada ya kukatwa kodi.

Salma, saa 9:15 alasiri
Ahsante, Baba Mdogo. Ninachohofia mimi ni miezi ya mwanzo. Mshahara hulipwa kwa mwezi, na mgeni hana kumbukumbu yoyote ya mikopo kule, kwa hiyo mwenye nyumba anaweza kudai mdhamini anayeishi hukohuko. Sheria ya England huzuia dhamana ya nyumba za kawaida isizidi pango la wiki 5, lakini dhamana hiyo pamoja na pango la mwezi wa kwanza zinatakiwa kabla sijapokea hata senti. Mara nyingi pia mgeni hukatwa kodi kwa msimbo wa dharura, yaani makadirio ya muda, na kilichozidi hurudishwa baadaye. Nafuu ni kwamba viza ya wafanyakazi wa afya haitozwi ile ada ya afya ya wahamiaji ya pauni 1,035 kwa mwaka.

Baba Mdogo Hamza, saa 9:30 alasiri
Usiisahau Bodi ya Mikopo ya wanafunzi. Hapa mwajiri anakukata asilimia 15, lakini ukiondoka hakuna atakayekukatia, na deni halisafiri nawe wala halifi. Kuhusu pango la nyumba yako ya Dodoma, tangu Aprili 6, 2025 mgeni ambaye hakuwa mkazi wa Uingereza kwa miaka 10 mfululizo anaweza kudai msamaha wa kodi kwa mapato ya nje kwa miaka 4 ya kwanza; lakini akiudai anapoteza zile 12,570 zisizotozwa, na kwa nyumba ya vyumba viwili msamaha huo utakugharimu zaidi kuliko utakavyokuokoa.

Shangazi Zubeda, saa 10:00 alasiri
Haya yote ni maelezo ya namna ya kutotuma. Tulielezwa hivihivi mtu alipokwenda Maskati, na shamba la Pongwe likaenda naye.

Rukia, saa 10:04 alasiri
Shangazi, tafadhali.

Idrisi, saa 5:48 usiku
Nimeyasoma yote. Nilianza kutuma kabla sijanunua godoro. Anayetaka hesabu za Pongwe amuulize aliyekuwa akizipokea.

Rukia, Jumatano saa 12:50 asubuhi
Nimekaa na Babu, nimemsomea, na ameniagiza niandike kama alivyotamka: “Pongwe isitajwe tena humu. Idrisi tulimla akiwa mbichi. Salma aachwe mwaka mzima asiombwe kitu. Paa limesubiri, litasubiri.”

Baba Mdogo Hamza, saa 1:15 asubuhi
Tumesikia, Baba.

Shangazi Zubeda, saa 3:30 asubuhi
Nimesikia, Baba. Hata hivyo, kuhusu fedha za kuanzia Baba hakukataza, kwa hiyo mchango unaendelea, na ninaomba Salma ataje kiasi.

Salma, saa 7:40 mchana
Shangazi, ningependa uwe mkopo ulioandikwa, wa kugharimia miezi 3 ya pango na chakula, niurejeshe baada ya mwaka huo aliousema Babu. Mchango usioandikwa sitaweza kuumaliza kuulipa.

Baba Mdogo Hamza, saa 7:55 mchana
Nitaandaa karatasi. Idrisi, ungekuwa shahidi?

Kassim, saa 2:10 usiku
Niandikeni shilingi 50,000. Nitaileta mwisho wa mwezi.

Shangazi Zubeda, saa 2:12 usiku
Mwezi upi?