Naomba ushauri: orodha ya ubatizo iliyonakiliwa, niiamini kiasi gani?

Habari zenu wakuu. Natafuta asili ya babu mzaa baba. Nilichonacho ni orodha ya ubatizo iliyochapwa na mtu aliyenakili daftari la mkono. Humo babu kazaliwa 1891. Cheti chake cha ndoa kinasema 1897. Nahisi mnakili aliona 7 akaandika 1, maana hata kwenye jina la mama yake n imegeuka u. Nimeomba picha ya ukurasa wenyewe, nikaambiwa daftari limechakaa, haliguswi. Nikalinganisha na ndugu zake, kumbe nao kawanakili yuleyule!

Je, cheti kina uzito zaidi, ilhali umri alijitajia mwenyewe? Na kwenye mti wa ukoo niandike miaka yote miwili, au nichague mmoja?